Namba kwenye kava la gemu: nani anazipanga, na ukatili unapimwaje

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kibanda cha gemu hapa Ngarenaro, Arusha, chenye PS3 mbili na PS4 moja. Juzi mama mmoja alinijia juu kwa sababu mwanawe wa miaka tisa alikuwa anacheza Mortal Kombat. Nikaangalia kava, nikakuta 18. Kwenye kava la Tekken 7 kuna 16, ila jamaa yangu wa Sakina ana Tekken 7 hiyo hiyo, na la kwake lina herufi T. FIFA ina 3. Nani anapanga hizi namba? Ukatili wenyewe wanaupima vipi? Na mimi nifuate ipi, maana gemu nyingine nilinunua bila kava kabisa?

Jibu: Tuanze na jambo litakalokupunguzia nusu ya mabishano na wazazi. Namba hizo ni za umri, na hazihusiani kabisa na ugumu wa gemu. FIFA yenye 3 si kwamba mtoto wa miaka mitatu ataiweza. Maana yake ni kwamba akikaa mkekani huku kaka yake anacheza, hataona wala kusikia kitu kisichofaa umri wake. Wapo wateja wanaodhani 3 ni idadi ya wachezaji na 18 ni toleo la mwaka 2018. Wasahihishe mapema.

Kava lako na la jamaa yako wa Sakina yamepitia mikono tofauti. Herufi ni za ESRB, bodi ya Marekani: E ni kwa wote, E10+ kuanzia miaka 10, T kuanzia 13, M kuanzia 17, na AO ni watu wazima tu. Namba ndani ya kisanduku cha rangi ni za PEGI, mfumo wa Ulaya: 3 na 7 kijani, 12 na 16 rangi ya chungwa, 18 nyekundu. Ukikuta alama ya msambamba yenye neno USK, diski hiyo ilitengenezewa Ujerumani, na madaraja yake ni 0, 6, 12, 16 na 18. Herufi A, B, C, D na Z ni za CERO ya Japani. Hakuna hata moja iliyopangwa na Bodi yetu ya Filamu hapa Tanzania. Bodi hiyo inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na "michezo" inayotajwa humo ni ya jukwaani, si ya padi.

Mortal Kombat iliyokuletea kesi ndiyo mojawapo ya gemu zilizosababisha bodi hizi kuwepo. Ilitoka mwaka 1992 kwenye mashine za kuchezea kwa sarafu, na mwaka uliofuata ikaingia majumbani kwa sura mbili. Kwenye mashine ya Nintendo damu ilibadilishwa ikawa kama jasho la kijivu. Kwenye ya Sega damu ilifichwa, lakini ukibonyeza vitufe fulani kwa mpangilio ilirudi nyekundu ileile. Ngumi zilikuwa zilezile na wapiganaji walewale, ila kilichobadilika zaidi ni rangi ya damu. Desemba 1993 Baraza la Seneti la Marekani likaanza kuzihoji kampuni za gemu, na mwaka 1994 kampuni zenyewe zikaunda ESRB kabla serikali haijawaundia chombo chake. PEGI ilianza 2003.

Sasa kwenye kiini cha swali lako. Watu wengi wanafikiri bodi zinahesabu maiti. Wangekuwa wanahesabu maiti, gemu za vita zinazoonekana kutoka angani, ambako unafuta jeshi zima kwa kubonyeza mara moja, zingekuwa zote 18. Wanachoangalia ni nani anapigwa, mwili wake unaitikiaje, na mchezaji anafanya nini kwa mkono wake mwenyewe.

Chukua risasi moja, uifuate kwenye ngazi za PEGI. Ikimpata kiumbe cha katuni, akatoa mlio wa kuchekesha na kutoweka kama moshi, hiyo ni 7. Ikimpata zimwi na damu kidogo ikaonekana, au ikimpata mtu akaanguka na kutoweka bila jeraha, hapo ni 12. Ikimpata mtu akajikunja, akashika tumbo, magoti yakaisha nguvu na akaanguka kama binadamu anavyoanguka kweli, tayari ni 16, hata kama damu ni chache. Ikipasua kichwa au kukata mkono, au ikiwa aliyepigwa alikuwa amepiga magoti hana silaha, au ni wapita njia wanaouawa bila sababu yoyote, hiyo ni 18. Risasi ni ileile moja, na imepanda ngazi nne.

Sasa angalia vitu vinavyoisukuma juu au chini. Kamera ni kimojawapo. Mtu akianguka mbali, mdogo kama punje ya mchele, uzito wake si sawa na anayeanguka uso kwa uso nawe skrini nzima. Sauti nayo inapimwa: kilio, mfupa unaovunjika. Inaangaliwa pia kama maiti inabaki pale chini au inatoweka, na kama inabaki, unaweza kuendelea kuipiga? Bodi zinaliangalia sana hilo la mwisho, kwa sababu mtu anayepiga maiti hana adui tena, anafurahia kupiga tu.

Halafu kuna malipo. Gemu inakupa nini ukiua? Ukipata pointi kwa kumgonga mwanamke anayevuka barabara, hukumu si sawa na gemu inayokupunguzia pointi au kukutumia polisi kwa kosa hilohilo. ESRB inasema wazi kwamba mfumo wa zawadi na kiasi cha udhibiti alionao mchezaji ni sehemu ya vigezo vyake. Hapo ndipo gemu inapoachana na filamu. Kwenye filamu unatazama mtu akiteswa. Kwenye gemu mkono unaochagua kifaa cha kumtesea ni wako, kama ilivyo kwenye tukio moja maarufu la GTA V. Gemu hiyo ni M Marekani na 18 Ulaya, na sidhani kama kuna haja ya kubishana.

Turudi kwenye Tekken. Kwa nini Wamarekani waseme 13 na Ulaya 16? Watu husema Wamarekani wamezoea bunduki na ngumi. Huenda, ila jibu la kwanza ni hesabu ya ngazi. PEGI wana 12 kisha 16. ESRB wana 13 kisha 17, katikati hamna kitu. Gemu ambayo ni nzito kidogo kwa mtoto wa 12 lakini haina matumbo yaliyopasuliwa, Ulaya inapata 16 bila taabu. Marekani lazima ichague: ishuke T au ipande M. Nyingi zinashuka. Ndiyo maana Marvel's Spider-Man ya 2018 na Uncharted 4 ni T upande mmoja na 16 upande mwingine, wakati Fortnite ni T Marekani na 12 Ulaya. Kwa hiyo T inabeba gemu za aina mbili tofauti ndani ya mfuko mmoja. Ukiona T kwenye kava usiridhike, tafuta PEGI ya gemu hiyohiyo.

Ujerumani ni kisa cha peke yake. Gemu ya Half-Life ilipotoka 1998, toleo la Kijerumani lilitolewa damu, na wanajeshi waliokuwa binadamu wakageuzwa maroboti. Ukipiga roboti linatoa cheche, si damu, na hesabu ya "nani anapigwa" inaanza upya. Australia nako, mwaka 2008, Fallout 3 ilikataliwa kwanza kwa sababu ya dawa: mhusika alikuwa anajidunga mofini, dawa halisi, na anapata nguvu. Watengenezaji wakabadilisha jina la dawa, gemu ikapita. Kwa hiyo usidhani ngumi na damu ndivyo pekee vinavyopandisha namba.

Kuhusu wanaopima. PEGI wanaanza na fomu. Kampuni inajibu maswali mengi kuhusu yaliyomo, majibu yanatoa daraja la muda, kisha wakaguzi wanalithibitisha kwa kuangalia gemu yenyewe. Taasisi ya Uholanzi iitwayo NICAM inashughulikia 3 na 7, na ofisi ya Uingereza iitwayo Games Rating Authority inashughulikia 12, 16 na 18. ESRB kwa gemu za diski wanadai fomu pamoja na video inayoonyesha mchezo wa kawaida na matukio mabaya kuliko yote. Video hiyo inatazamwa na wapimaji wasiopungua watatu ambao majina yao hayatangazwi na hawaruhusiwi kuwa na uhusiano na kampuni za gemu. Hawachezi gemu yote kabla haijatoka. Gemu huwa bado inamaliziwa, na nyingine inataka saa 50 hadi mwisho. USK ya Ujerumani inafanya kinyume: kuna watu wanaoicheza yote, kisha wanaionyesha mbele ya jopo la wataalamu wa ulinzi wa watoto. Kwa maoni yangu njia ya Wajerumani ndiyo bora, ingawa ni ya polepole.

Udhaifu wa kutegemea video ni dhahiri: kampuni ikificha kitu, bodi haikioni. Mwaka 2005 iligundulika kwamba GTA San Andreas ilikuwa na tukio la ngono lililofungiwa ndani ya diski, na watu wakalifungua. ESRB wakaitoa M wakaipa AO, maduka makubwa yakaiondoa rafuni hadi toleo lililosafishwa lilipotoka. Mwaka 2006 Oblivion nayo ilipandishwa kutoka T hadi M, sehemu ya sababu ikiwa damu na maiti zilizozidi kile walichoonyeshwa mwanzo. Siku hizi ESRB inaweza kuitoza kampuni inayoficha hadi dola milioni 1, na PEGI hadi euro 500,000.

Hilo linakuhusu kuliko unavyodhani. San Andreas zinazozunguka kwenye vibanda nyingi zimechezewa: zina ngozi za wahusika zilizobadilishwa, magari ya hapa, nyimbo za Bongo Fleva, na wakati mwingine vitu ambavyo usingetaka mtoto avione. Daraja la kwenye kava halifuniki chochote kilichoongezwa na fundi. Gemu iliyochezewa ihesabu 18 moja kwa moja mpaka uipitie mwenyewe.

Halafu kuna simu. Kwenye Play Store daraja linatoka kwa mfumo wa IARC, ambao Google ilianza kuutumia mwaka 2015. Mtengenezaji anajaza maswali, na kompyuta inatoa papo hapo daraja la kila ukanda. Sehemu zisizo na bodi yake kwenye mfumo huo zinaonyeshwa madaraja ya jumla ya 3+, 7+, 12+, 16+ na 18+. Anayejibu ni mwenye gemu mwenyewe, na ukaguzi unakuja baadaye, mara nyingi watu wakishalalamika. Kwa gemu kubwa inayojulikana, namba ya simu inaaminika. Kwa gemu ya kampuni isiyojulikana yenye picha ya bunduki na nyota nne na nusu, icheze dakika 20 kwanza. Na jua kwamba kizuizi cha wazazi cha Play Store kinazuia kushusha tu. Gemu ikirushwa simu kwa simu kwa Xender, hakina habari nayo.

Sasa kibanda chako. Gemu isiyo na kava itafute kwa jina kamili kwenye tovuti ya PEGI, kisha ya ESRB. Andika jina pamoja na namba ya toleo, maana Mortal Kombat na Tekken ziko nyingi na hazilingani. ESRB, kwa gemu nyingi za diski tangu 2008, wanaweka maelezo mafupi ya kinachoonekana: silaha gani, damu inarukaje, maneno gani yanatumika. Hiyo aya moja ina faida kuliko namba, na unaweza kumwonyesha yule mama kwenye simu. Bodi mbili zikitofautiana, shika kali zaidi. Huna cha kupoteza.

Geuza kava usome nyuma. PEGI wanaweka vipicha: ngumi ni ukatili, buibui ni vitisho, bomba la sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari. 16 yenye ngumi tu si sawa na 16 yenye ngumi na bomba la sindano. ESRB wanaandika maneno, na ukatili una ngazi zake: "Cartoon Violence" ni ya katuni, "Fantasy Violence" ni ya mambo ya kubuni yanayotofautika wazi na maisha halisi, "Violence" peke yake ni mapigano ya kawaida, "Intense Violence" ni ya kweli kabisa na inakuja na damu, silaha na vifo. "Blood" ni damu. "Blood and Gore" ni damu na viungo vilivyokatika, na ukiiona hiyo, mtoto wa shule ya msingi asikae hata kwenye benchi.

Hilo la benchi nalisisitiza. Vibanda vingi vinamzuia mtoto kushika padi, kisha vinamwachia atazame saa mbili bure. Akiwa na miaka tisa, kichwa kinachokatwa anakiona vilevile kama aliyelipa. Gemu za M na 18 zipeleke kwenye TV inayotazama ukuta wa ndani, au zifunguliwe kuanzia saa moja jioni, watoto wakishaondoka. Baadhi ya gemu za vita zina swichi ya kuzima damu kwenye mipangilio. Itumie, ila jua kwamba namba haishuki kwa sababu hiyo: bodi inapima kila kilichomo kwenye diski, na swichi anayeizima ndiye anayeiwasha.

PS3 zina kufuli ambalo wenye vibanda wengi hawalijui. Ingia Settings, kisha Security Settings, kisha Parental Control. Namba ya siri ya kiwandani ni 0000, ibadilishe kwanza. Utaona ngazi kuanzia 1 hadi 11, na kadiri namba inavyopungua ndivyo kufuli linavyokaza. Kwa kawaida M na PEGI 18 zimo ngazi ya 9, PEGI 16 ngazi ya 7, T na PEGI 12 ngazi ya 5. Mashine ya watoto iweke 5. Mashine inasoma daraja lililoandikwa ndani ya gemu yenyewe, kwa hiyo usishangae ukiwa na gemu moja kwa diski mbili, ya Kimarekani ikafunguka na ya Ulaya ikagoma. Ndiyo T na 16 zako hizo. Kwenye PS4 sehemu inaitwa Parental Controls/Family Management, na ukitaka kumtengea mtoto jina lake la kuingilia, utahitaji akaunti ya mtu mzima na intaneti.

Yule mama ana haki. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na wa kwake ana nusu ya hiyo. Mwonyeshe orodha ya gemu zako ukutani, kila moja na umri wake, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa kalamu nene: FIFA 3, Tekken 16, Mortal Kombat 18. Na namba mpya ya siri ya PS3 isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Ibonyeze ukiwa umeikinga padi, kwa sababu watoto wa kibandani wanasoma vidole haraka kuliko wanavyosoma kitabu.